Kompyuta ya Zamani, Mchezo Mpya



Mwezi huu tumeamua kujibu swali ambalo tumeulizwa arusini, mlangoni mwa madrasa, na mara moja hata tukiwa kituoni tunangoja basi. Swali lenyewe ni hili: kompyuta ya michezo iliyonunuliwa kwa bei nafuu miaka kadhaa iliyopita, je, yaweza kuchezesha mchezo uliotoka juzi, au hapana budi inunuliwe nyingine?

Yamkini wako watakaosema kwamba hili ni jambo la watoto, wala halistahili karatasi na wino wetu. Tungekubaliana nao lau kusingekuwa na fedha za wazazi ndani yake, na lau tusingekuwa tumekutana na dada mmoja wa jumuiya yetu hapa Uingereza aliyetueleza habari ya nyumbani kwake. Kwa idhini yake tunaieleza hapa, maana tunaamini kwamba nyumba nyingi zitajiona ndani yake.

Dada huyo ana kijana wa miaka 14. Kila Jumamosi alasiri kijana huvaa visikizio na kucheza kandanda ya kompyuta na watoto wa mama yake mdogo walioko Muscat. "Mtoto huyu," alituambia mama, "nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza. Lakini Jumamosi nikipita mlangoni kwake namsikia akibishana na wenziwe kwa Kiswahili kitupu, hata mafumbo anayajua." Basi mwezi wa Septemba 2025 ulipotoka mchezo wa EA SPORTS FC 26, wale wa Muscat wakahamia huko na PlayStation 5 yao. Aliyebaki na mchezo wa mwaka uliotangulia hawezi kukutana uwanjani na mwenye mchezo mpya. Jumamosi ya kijana ikawa kimya.

Mama akaenda dukani na karatasi yenye maelezo ya kompyuta yao. Muuzaji aliitazama mara moja, akasema mashine hiyo imekwisha wakati wake, akamwonyesha mpya ya paundi 850. Fedha hizo alikuwa nazo, ila zilikuwa ni akiba ya nauli ya kwenda Tanga kumwona mama yake mzazi. Ndipo alipotujia.

Maneno ya kwanza tuliyomwambia ndiyo tunayotaka kila msomaji ayashike: usiulize kama kompyuta ni ya zamani, uliza ni kiungo gani ndani yake kinachobaki nyuma, na kama mchezo unakihitaji kiungo hicho kwa lazima au kwa anasa. Majibu ya maswali haya mawili aghalabu hugharimu saa moja ya kazi, wala si paundi 850.

Kuijua mashine uliyo nayo

Bonyeza pamoja kitufe cha Windows na herufi R, andika dxdiag, kisha kubali. Kidirisha kitakachofunguka kitakutajia prosesa, kiasi cha kumbukumbu na kadi ya picha. Viandike vitu hivyo kwenye karatasi. Kisha tazama vipimo ambavyo mtengenezaji wa mchezo amevitangaza. Huwa ni vya daraja mbili: kipimo cha chini, ambacho bila ya hicho mchezo hauahidiwi kuendeka, na kipimo kinachopendekezwa, ambacho kwacho mchezo utaonekana kama unavyoonekana katika matangazo.

Kompyuta ya kijana ilikuwa na prosesa ya Core i5-7400, kumbukumbu ya gigabaiti 8, kadi ya picha ya GTX 1050 Ti yenye gigabaiti 4 zake yenyewe, na diski ya kuzunguka ya mtindo wa zamani. Kipimo cha chini cha mchezo alioutaka kinataja prosesa ya Core i5-6600K, kumbukumbu ya gigabaiti 8, kadi ya GTX 1050 Ti, na nafasi ya gigabaiti 100 katika diski.

Hapa tuonye juu ya mtego mmoja. Mama alipoona 7400 dhidi ya 6600 alifurahi, akidhani kwamba yake ni bora kwa kuwa ina tarakimu kubwa. Tarakimu ya kwanza huonyesha kizazi, na zinazofuata huonyesha cheo ndani ya kizazi hicho. Core i5-6600K ni ya 2015, nayo huanzia kasi ya gigahezi 3.5, Core i5-7400 ni ya 2017, lakini huanzia gigahezi 3.0 tu. Zote mbili zina viini vinne. Mdogo kuzaliwa si lazima awe na mbio kumshinda mkubwa wake. Hali kadhalika kwa kadi za picha: GTX 1650 ya 2019 ilikuja miaka mitatu baada ya GTX 1060 ya gigabaiti 6, na hata hivyo katika michezo mingi ni hiyo ya 2016 inayotangulia. Msomaji asinunue tarakimu. Anunue cheo na kizazi kwa pamoja.

Kwa hiyo mashine ya kijana ilikuwa juu ya mstari katika kadi, juu ya mstari katika kumbukumbu, na chini kidogo ya mstari katika prosesa. Hali kama hiyo haina jibu la karatasi. Jibu lake ni kujaribu.

Uzito na kukataliwa

Kabla ya kujaribu, tutofautishe mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya. Kuna mchezo ulio mzito kwa mashine, na kuna mchezo unaoikataa mashine.

Mchezo mzito huendeka, ila polepole. Kompyuta huchora picha moja baada ya nyingine, nasi tunaona mwendo. Ili ipate picha 60 kwa sekunde, kila picha haina budi ikamilike kwa muda wa karibu milisekunde 17. Ikichukua milisekunde 33, tunapata picha 30, na mkono wa mchezaji huanza kuhisi uzito. Uzito huu unapunguzika. Kioo cha nukta 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600 za kupakwa rangi katika kila picha. Ukiuambia mchezo uchore kwa 1280 kwa 720, nukta hubaki 921,600, yaani pungufu ya nusu. Vivuli, majani ya uwanja na nyuso za watazamaji navyo hupunguzika bila ya mpira kubadilika. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika michezo ya kompyuta kuinama ndiko huku.

Mchezo unaokataa ni habari nyingine. Huo haujali subira yako. Indiana Jones and the Great Circle, uliotoka Desemba 2024, unataka kadi iliyoundwa na uwezo wa kufuata miale ya mwanga ndani ya umbo lake, na kipimo chake cha chini ni RTX 2060 Super ya gigabaiti 8. DOOM: The Dark Ages wa Mei 2025 nao unashurutisha uwezo huohuo. Mwenye GTX 1050 Ti apunguze nukta apendavyo, kadi yake haina kiungo hicho, na mlango hautafunguka. Cyberpunk 2077 ulipotoka Desemba 2020 ulikubali diski za kuzunguka. Baada ya vipimo vyake kupandishwa mwaka 2023, diski ya umeme mtupu, iitwayo SSD, iliwekwa kuwa sharti, na kadi ya chini ikawa GTX 1060 ya gigabaiti 6. Kumbe hata mchezo ambao ulikuwa ukiendeka nyumbani kwako waweza kukupita huku umekaa.

Basi mtoto akikutajia mchezo, tafuta kwanza masharti ya kukataa: aina ya kadi, aina ya diski, aina ya Windows. Ukikuta sharti ambalo mashine haina, mwambie mtoto ukweli siku hiyohiyo. Ni bora kuliko kumpa matumaini ya wiki mbili.

Kufuli lililofungwa kwa ndani

Mchezo wa kijana wetu ulikuwa na sharti moja la namna hiyo, ambalo muuzaji wala hakulitaja. Ili kuzuia wadanganyifu, FC 26 unataka kinga ya kuwashia mashine, ambayo ndani ya kompyuta imeandikwa Secure Boot, iwe imewashwa, pamoja na kile kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi za mwaka 2017 zina vitu hivyo, lakini vimezimwa.

Kutazama ni rahisi: kitufe cha Windows na R, kisha andika msinfo32. Pakiwa pameandikwa UEFI katika mstari wa BIOS, kazi iliyobaki ni kuingia katika mipangilio ya awali ya mashine na kuwasha. Sisi tulikuta pameandikwa Legacy. Maana yake Windows ilikuwa imewekwa kwa mpango wa zamani wa kugawa diski, na katika hali hiyo kinga haiwezi kuwashwa. Microsoft wameweka ndani ya Windows chombo kiitwacho MBR2GPT kinachobadilisha mpango wa diski bila ya kufuta vilivyomo. Hata hivyo tulinakili kwanza kazi zote za shule na picha za familia, maana chombo kikiahidi kutofuta, mwenye mali bado hulala macho. Tukabadilisha mpango, tukaingia katika mipangilio ya awali, tukaiweka mashine katika UEFI na kuwasha kinga pamoja na TPM. Kazi hii ilichukua saa moja na nusu, na haikugharimu kitu ila vikombe vya chai ya tangawizi.

Anayeogopa kuifanya, asione haya kuomba msaada. Ila asikubali kuambiwa kwamba kompyuta imekufa, ilhali ni kufuli tu limefungwa kwa ndani.

Jaribio

Mchezo mpya huuzwa karibu paundi 60, na mzazi ana haki ya kuogopa kuzitupa. Duka la Steam hurudisha fedha za mchezo iwapo ombi limeletwa ndani ya siku 14 tangu kununua, na mchezo haujachezwa kwa saa 2. Muda wa kupakua hauhesabiwi katika saa hizo. Basi tulinunua hapo, tukaweka saa ya ukutani mbele yetu.

Mara ya kwanza hali ilikuwa mbaya. Mpira ulikwenda vizuri kwa nukta chache, kisha kila kitu kikasimama, kisha kikaendelea. Kijana alijikunja kitini akasema, "Si nilisema?" Tukabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kufungua kidirisha cha kazi za mashine, tukatazama. Kumbukumbu ilikuwa imejaa. Diski ilikuwa ikifanya kazi asilimia 100. Lakini kadi ya picha, ambayo kila mtu alikuwa akiilaumu, ilikuwa na nafasi ya kupumua.

Maana yake ni hii. Kumbukumbu ilipojaa, Windows ilikuwa ikihamishia mizigo kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni mchukuzi mzee. Kila iliposubiriwa, mchezo ulisimama. Tena tulipofungua sanduku tulikuta gigabaiti zile 8 zimo katika kipande kimoja, na karibu yake nafasi moja iko wazi. Vipande viwili vinavyolingana hupitisha habari kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kipande kimoja hutumia njia moja. Kwa hiyo kuongeza kipande cha pili kungeleta faida maradufu.

Bei za kumbukumbu zilipanda sana kuelekea mwisho wa 2025, kwa sababu viwanda vilikuwa vikikimbilia kuhudumia mashine kubwa za akili bandia. Hivyo tulitafuta kipande kilichokwisha kutumiwa, cha aina ileile ya DDR4, pamoja na SSD ya gigabaiti 500. Vyote viwili vilimgharimu mama paundi 82. Tulihamisha diski Jumatano usiku, na tulipojaribu tena tulikuwa bado ndani ya siku 14.

Kule kusimamasimama kukaisha. Sasa kadi ya picha ndiyo ikawa imefika asilimia 100, na hapo ndipo pa kuinama. Tukashusha kioo hadi 1600 kwa 900, yaani nukta 600,000 na zaidi zimepungua, tukateremsha ubora wa watazamaji na majani, tukaufunga mchezo usizidi picha 60 kwa sekunde. Ukatulia. Hauna uzuri ule wa Muscat, na nywele za wachezaji zaonekana kama kofia. Lakini mpira ukipigwa, huenda unakopigwa.

Hesabu ya mbele

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba mashine hii imepata ujana upya. Ina mipaka miwili ambayo imekwisha andikwa tarehe.

Wa kwanza ni Windows 10. Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa masahihisho ya ziada ya usalama waliotangaza kwa watu wa majumbani uliwekewa mwisho wa tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 haiikubali rasmi prosesa ya Core i5-7400. Kwa Intel, orodha yake huanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana za kizazi cha saba. Kompyuta isiyopata masahihisho si ya kuingilia benki wala kufanyia shughuli za hati za serikali.

Wa pili ni kadi. Oktoba 2025 ndio mwezi ambao NVIDIA ilipanga kutoa kwa mara ya mwisho programu ya kuendesha kadi za kizazi cha GTX 10 iliyorekebishwa kwa ajili ya michezo mipya. Baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu, kila robo mwaka, hadi Oktoba 2028.

Kwa hiyo paundi 82 hazikununua miaka mitano. Zimenunua msimu mmoja, pengine miwili, na SSD ile itaweza kuhamishiwa katika mashine ijayo. Kwetu sisi hiyo ni biashara nzuri, maadamu mama anajua anachokinunua.

Na kwa wale wanaofikiria kubadilisha kadi peke yake, tunaomba wafungue sanduku kwanza. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwa jina la kompyuta za michezo kwa bei ya chini zilikuwa mashine za ofisini, zikatiwa kadi na taa za rangi. Kadi inayokula umeme kutoka katika tundu lake peke yake haipewi zaidi ya wati 75. GTX 1050 Ti imo ndani ya kiwango hicho, ndiyo maana ilipendwa na wauzaji hao. GTX 1060 hula wati 120 na hudai waya wake wa ziada kutoka katika kisanduku cha umeme, na masanduku mengi ya ofisini hayana waya huo wala nafasi ya kadi ndefu. RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka Februari 2024, hula wati 70 na ina uwezo wa kufuata miale; lakini haifiki zile gigabaiti 8 tulizozitaja juu, na prosesa ya viini vinne itaicheleweshea kazi. Kununua kiungo kimoja cha bei kubwa kwa mwili uliochoka ni hasara. Fedha hizo ziwekwe kwa mashine ijayo.

Kwa ufupi, mzazi afuate utaratibu huu. Aandike viungo vya mashine. Atafute masharti ya kukataa. Awashe vilivyozimwa. Ajaribu kwa fedha zinazorudishika, huku akitazama ni kiungo gani kilichojaa. Kisha ndipo afungue mkoba, na aufungue kwa kiungo hicho tu. Atakayekuta kwamba kweli mashine haifai, atakwenda dukani akijua anachokitafuta, wala hatauziwa kwa haraka.

Jumamosi iliyofuata tulialikwa chakula nyumbani kwa dada yetu. Mlango wa kijana ulikuwa umefungwa, na sauti zilikuwa zikitoka. Alifungwa na nduguze mabao manne kwa moja, akatoka akilalamika kwamba kompyuta ndiyo iliyomponza. Mama yake akamjibu akiwa jikoni, "Mwanangu, asiyejua kucheza hulaumu uwanja." Kijana akacheka, akamjibu kwa Kiswahili. Nauli ya Tanga ingalipo benki, imepungua paundi 82 na bei ya mchezo.

Mwezi ujao, Mungu akitujaalia uzima, tutazungumzia namna ya kuhifadhi picha za familia zisipotee simu inapoibiwa. Mwenye swali na alilete katika mkutano wa mwisho wa mwezi, nasi tutalipokea kwa mikono miwili.